Maji Yaliyopita Mzizi

Leo nazungumzia maji ya shambani, na nitaanzia Upare, kwenye milima ya Same nilikokulia. Kule tuna mabwawa madogo tunayaita ndiva. Kijito cha mlimani ni chembamba, na ukiyaachia maji yake mferejini jinsi yalivyo, yananywewa na ardhi njiani kabla hayajafika kwenye mahindi. Kwa hiyo yanaingizwa kwenye ndiva usiku kucha. Asubuhi zibo linafunguliwa, maji ya usiku mzima yanatoka kwa nguvu moja, yanawahi shamba. Wazee waliojenga ndiva hawakusomea uhandisi popote, lakini walijua kwamba maji kidogo yanayokwenda kwa kasi yanafika mbali kuliko maji yaleyale yakienda kwa kujikokota.

Zamu yetu ikifika baba alituamsha wote. Yeye na jembe kwenye mdomo wa mfereji, kaka katikati, na mimi niliyekuwa mdogo nasimama mwisho kabisa wa shamba, pekupeku. Maji yakinifika vifundoni napiga mluzi, ndipo baba anayageuzia tuta jingine. Tukiona shamba zima limekuwa tope na maji yamesimama yanang'aa, tunarudi nyumbani roho zetu nyeupe. Shamba limekunywa. Baada ya zamu kama tatu hivi mahindi yanaanza kuwa manjano kuanzia majani ya chini, na mama anasema udongo umechoka.

Miaka mingi imepita ndipo nikaelewa kilichotokea. Udongo wetu tulikuwa tunauosha. Samadi yote aliyoibeba mama kichwani kutoka zizini, rutuba yake tuliishusha chini sisi wenyewe kwa maji, zamu baada ya zamu, huku tukijipongeza.

Kwa hiyo leo nina jambo moja tu la kusema, nalo ni hili: wakulima wengi wa umwagiliaji tunaumia kwa kuzidisha maji. Najua kuna mtu ananisikiliza sasa hivi na amekasirika, maana kwake mfereji umekauka tangu Agosti, na huyu wa redioni anamwambia habari za maji kuzidi. Nivumilie, ndugu yangu. Maji yako yapo. Yamelala kwenye shamba la jirani yako wa juu, chini ya mizizi ya mazao yake, mahali ambapo yeye hayamfai na wewe huyapati.

Tupige hesabu kidogo, aliye na kalamu na aishike. Ekari moja ya nyanya iliyokwisha kufunga majani, kwenye jua la kiangazi, hunywa maji ya kimo cha milimita 5 hivi kwa siku. Milimita 5 ni kitu kidogo kukitazama, lakini ukikitandaza ekari nzima ni lita 20,000. Ni mapipa 100 yale ya lita 200, kila siku ya Mungu. Hakuna mmea unaoweza kusubiri mapipa hayo yaje kila asubuhi, kwa hiyo yanawekwa akiba, na ghala la akiba hiyo ni udongo wenyewe. Udongo tifutifu, ukiuhesabu mpaka kina cha mita moja, unaweza kumtunzia mmea maji ya kimo cha milimita 150 hivi. Kichanga kinatunza nusu yake, mara nyingine hata chini ya hapo.

Lakini si kila zao lina mkono wa kufika chini ya ghala. Mizizi ya kitunguu inaishia kama shibiri moja na nusu. Hapo ghala lake ni milimita 45 tu, na wala huwezi kuliacha likauke lote. Likifika nusu kitunguu kinaanza kudumaa. Kwa hiyo kitunguu kwenye tifutifu kina akiba ya siku nne, labda tano kukiwa na mawingu. Nyanya mizizi yake inashuka dhiraa moja na nusu, ghala lake ni kama milimita 100, na ukiiachia itumie 40 kati ya hizo utakuwa umeipa siku nane. Ni udongo uleule, jua lilelile, mazao mawili yenye ratiba mbili. Halafu sisi tunaweka zamu moja kwa wote.

Sasa mtazame mkulima wa vitunguu ambaye zamu yake imefika baada ya siku nne. Nafasi iliyo wazi ghalani ni milimita 22. Yeye anafungulia maji nusu siku, anaweka 60. Milimita 38 zinazozidi hazina pa kukaa, zinashuka chini. Kwa ekari moja hayo ni mapipa zaidi ya 750, na hayashuki peke yake. Urea ikishayeyuka na kugeuka chakula cha mmea, husafiri na maji popote yanapokwenda. Mfuko ule alioukopea fedha, ameumwaga pale ambapo mzizi wa kitunguu hautafika hata siku moja. Wiki mbili baadaye anaona majani yamepauka, anakwenda dukani kukopa mfuko mwingine. Anayetumia pampu ya petroli yeye amelipa mara tatu: mafuta, mbolea, na mazao aliyoyakosa.

Kwa nini tunafanya hivi? Nimekaa na wakulima wengi kwenye kingo za mifereji, na sijakutana na hata mmoja aliyezidisha maji kwa kupenda uharibifu. Wanaogopa. Zamu ni kila wiki kwa mujibu wa daftari, lakini banio likiharibika, au mkubwa fulani wa juu akifungulia usiku, wiki inageuka wiki mbili. Mtu asiye na hakika ya kesho hujaza kila chombo alichonacho, na shamba ni chombo. Juu ya hapo, ada ya maji kwenye skimu nyingi inatozwa kwa ekari. Ukitumia kidogo au ukifurika, unalipa sawasawa. Na la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: mkulima haoni chini. Anaona uso wa udongo, na uso wa udongo hukauka kwa siku moja ya jua na upepo hata kama shibiri moja chini yake pamejaa maji tele.

Hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka Iringa.

Kuna skimu mbili kule zinazokunywa mto Ruaha Mdogo, Kiwere na Magozi. Kiwere wanalima mahindi mabichi, nyanya na vitunguu; Magozi, upande wa Pawaga, ni watu wa mpunga. Mwaka 2013 ulianza utafiti uliogharamiwa na kituo cha Australia cha utafiti wa kilimo wa kimataifa, ACIAR, ukihusisha wakulima wa Tanzania, Msumbiji na Zimbabwe. Humo kulikuwa na kifaa alichokibuni mwanasayansi Richard Stirzaker wa taasisi ya CSIRO, na kimepewa jina la yule mnyama abadilishaye rangi, kinyonga.

Kifaa chenyewe ni hiki. Vipima unyevu vinafukiwa kwenye mstari mmoja wa kushuka: kimoja juu kwenye mizizi michanga, kimoja katikati, kimoja chini mizizi inapoishia. Nyaya zake zinatokeza juu ya ardhi. Mkulima anakuja na kisanduku kinachoshikika mkononi, anachomeka, na taa zinawaka kwa kufuatana na kina. Bluu, hapo pamelowa. Kijani, unyevu unatosha. Nyekundu, mmea unahangaika. Hakuna namba ya kusoma wala lugha ya kigeni. Na kina mwenzake, kifaa kingine chenye umbo la faneli kinachofukiwa shambani. Maji yakifika kwenye kina chake, kiboya kinachomoza juu kutoa habari, na maji kidogo yanabaki ndani. Ukiyavuta maji hayo na kuchovya kijikaratasi cha kupimia, rangi inakuonyesha ni mbolea kiasi gani inayoteremka.

Hebu fikiria mtu aliyelima miaka 20, anasimama kwenye shamba lake siku ya zamu. Juu ni vumbi. Mkono wake wenyewe unamwambia afungulie. Anachomeka kile kisanduku, na taa zote tatu ni bluu. Zamu ile hakuwa na haja nayo kabisa, na labda iliyopita pia. Kisha anachovya karatasi, anaona mbolea yake ikimuaga. Mimi naamini hakuna mhadhara wa bwana shamba unaoweza kumbadilisha mtu kama dakika hiyo moja inavyombadilisha, kwa sababu hapo anasemezwa na shamba lake mwenyewe.

Wakulima wa utafiti ule wakapunguza. Wengi waliopata vifaa wakaruka zamu wasizozihitaji, wengine wakafupisha na muda wa kufungulia. Na mazao hayakushuka. Yalipanda, kwa kuwa mbolea sasa ilibaki mizizini. Saa walizokuwa wakizimalizia kwenye mfereji wakazipeleka kwenye palizi na kazi nyingine. Majirani wasio na kifaa nao wakaanza kuwafuatisha. Lakini lililonigusa zaidi mimi ni la mwisho wa mfereji: maji yakaanza kufika huko, na ugomvi wa maji ukapungua. Anayejua maana ya ugomvi wa maji, aliyeona watu wa ukoo mmoja wakishikiana mapanga saa nane za usiku kwa ajili ya lango la mbao, anajua hilo lina uzito gani.

Sasa utaniambia, mimi hicho kisanduku sina. Sawa. Tafuta nondo, ile nyembamba ya milimita 10, urefu wa mita moja, uchonge ncha yake. Siku moja baada ya kumwagilia, ichomeke ardhini kwa mikono miwili, usiigonge. Kwenye udongo uliolowa itazama bila shida. Ikigusa udongo mkavu itagoma. Weka alama ya kidole, ichomoe, ipime. Kama umelima vitunguu na nondo imezama karibu yote, umeshajua maji yako yamekwenda wapi.

Halafu kabla ya zamu inayofuata, chimba shimo dogo pembeni ya mmea. Kwa kitunguu, kina cha shibiri. Kwa nyanya au mahindi yaliyokomaa, shuka mpaka dhiraa. Chukua udongo wa chini huko, si wa juu, uufinye kiganjani kama unavyofinya tonge. Ukiacha maji kiganjani, usimwagilie. Ukishikana tonge zuri, lirushe juu kidogo ulidake. Likibaki zima bado una siku kadhaa. Likisambaratika mkononi, fungulia leo. Kichanga hakishikani sana hata kikiwa na unyevu, kwa hiyo mwenye kichanga azoee mkono wake kwa zamu mbili tatu, akilinganisha tonge na hali ya mmea. Na usidanganywe na mahindi yanayokunja majani saa saba mchana kisha yakayakunjua jioni. Hayo yanajikinga na jua tu. Yakiamka asubuhi yakiwa yamejikunja, hapo umeshachelewa.

Na ule mluzi wangu wa utotoni? Nilikuwa napiga nikiwa nimechelewa. Kwenye matuta, ukifunga maji yakiwa yamefika robo tatu ya urefu, yaliyomo ndani ya mfereji yanamalizia yenyewe sehemu iliyobaki. Ukingoja yafike mwisho na kusimama, mwanzo wa tuta umeshakunywa mara mbili. Kata matuta marefu yawe mafupi. Tandaza majani makavu juu ya udongo. Umwagiliaji wa matone ni mzuri, nausifu, ila mtu aliyefunga mipira ya matone na kuiacha inadondosha mchana kutwa bila kuangalia mizizi amenunua njia ya gharama kubwa ya kufanya kosa lilelile.

Kwenye mpunga watu hunibishia. Mpunga si ni zao la maji? Mpunga unavumilia maji, hilo ni kweli, na maji yaliyosimama yanatusaidia kuua magugu. Lakini mizizi yake nayo inataka hewa. Kule Madagaska, padri Mjesuiti Henri de Laulanié aliishi na wakulima miaka mingi, na katika miaka ya 1980 akafikia namna ya kulima tunayoiita leo kilimo shadidi. Unahamisha miche ikiwa michanga, ya siku 8 mpaka 12, mche mmoja mmoja, nafasi ya sentimita 25 kila upande, na jaruba unalilowesha kisha unaliacha likauke mpaka lianze kuonyesha nyufa ndogo ndipo unalilowesha tena. Palizi inakuwa kazi kubwa, sitaki kuwaficha. Bila kipalizi cha kusukuma utaumia mgongo. Huko Mwea nchini Kenya, skimu iliyochimbwa na wafungwa wa Mau Mau katika miaka ya 1950, wakulima walianza kuujaribu mtindo huu mwaka 2009 wakiongozwa na Profesa Bancy Mati. Wanaoufuata vizuri wanatumia maji pungufu na mpunga unachipua mashina mengi zaidi. Ila jaruba haliwezi kukauka na kuloweshwa kwa wakati wake kama lango la maji halifunguki siku unayoyahitaji. Tunarudi palepale kwenye zamu.

Tushuke na mto sasa. Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, Ruaha Mkuu unaingia bwawa la umeme la Mtera, kisha la Kidatu, kisha unakwenda kuungana na Rufiji, mto unaolijaza bwawa la Julius Nyerere. Taa inayowaka nyumbani kwako Dar es Salaam ina tone la Iringa na la Mbarali ndani yake. Na tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakibaki wamesongamana kwenye madimbwi ya tope. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba kufikia 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulipita na mto uliendelea kukatika.

Huko Usangu, kwenye tambarare za Mbarali, mtafiti Bruce Lankford alikuwa akiwakusanya wakulima na kuwachezesha mchezo wa goroli. Ni ubao ulioinamishwa, umechongwa mto na mabanio yake. Goroli zinamwagwa juu, kila mmoja anaweka vijiti vyake kuzikinga ziingie shambani kwake. Watu wa juu wanajaza, wa chini wanabaki wanatazama ubao mtupu. Kisha wanabadilishana nafasi. Aliyekuwa juu akikaa chini dakika tano tu, anaanza kudai sheria. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli ya kugawana maji yanapoanza, na yanaanza kwa watu wenyewe.

Utafiti wa Usangu umenifunza jambo lingine linaloniuma kidogo kulisema, kwa sababu linagusa miradi tunayoipigia makofi. Banio la zege lenye lango la chuma linapochukua nafasi ya banio la miti na mawe, mara nyingi linachota zaidi, maana halivuji na halibomoki na mafuriko. Na mkulima akiokoa maji kwa kinyonga au kwa nondo, kisha akafungua ekari mbili mpya kwa maji yaleyale, mto haupati hata tone. Simlaumu, watoto wake wanataka ada. Lakini tusiandike kwenye ripoti kwamba tumeuokoa mto. Maji yaliyookolewa yanafika chini pale tu ambapo watu wa skimu wamekaa wakakubaliana kwamba lango litashushwa kiasi gani, na mtu akapewa kazi ya kulishusha.

Nawasemesha viongozi wa vyama vya umwagiliaji. Kabla ya masika kuisha itisheni kikao kimoja cha ratiba tu. Ulizeni nani ana kitunguu, nani ana nyanya, nani yuko kwenye kichanga. Mpeni mtu haki ya kuahirisha zamu yake bila kuipoteza, kwa sababu sheria ya kwamba usipotumia leo umekosa ndiyo inayomfanya afurishe. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji daftari, simu, na mgawa maji anayeaminika.

Na wewe mkulima unayenisikiliza, kama zamu yako ni kesho, nenda na nondo. Chomeka sehemu tatu: mwanzo wa shamba, katikati, mwisho. Ukikuta chini bado kuna unyevu, mpigie simu jirani yako wa chini sasa hivi umwambie ajiandae, maji yako ya kesho ni yake.